Kigoda cha Ila

Hapo zamani, salamu zilipokuwa ndefu kuliko safari, palikuwa na nchi iitwayo Ikombola, na watu wake walikuwa na adabu kupita kiasi. Msicheke. Adabu nayo huzidi, kama chumvi.

Mtu wa Ikombola ukimwuliza habari, atakujibu njema. Amevunjika mguu: njema. Mbuzi wake wameliwa na fisi: njema. Ukimkuta msibani, macho yamemvimba kwa kulia, ukamwuliza habari za hapa, atakujibu, "Njema." Kisha atakupa pa kukaa. Atakuletea maji. Atakuuliza habari za kwenu, za njiani, za mifugo, nawe utamjibu njema, njema, njema. Ndipo atakapokohoa kidogo na kusema, "Njema, ila..." Hapo jiandae, maana habari yenyewe hukaa nyuma ya ila.

Basi, Ikombola ilikuwa na Mtemi wake, jina lake Mihambo. Alikuwa mtawala mwenye huruma na mwenye haraka, na hivyo viwili vikikaa nyumba moja, kimoja hukikanyaga kingine. Mto wa nchi ile ulikuwa na mamba. Kila mwaka waliwachukua watu waliokwenda kuteka maji, na wengi wao walikuwa wanawake na wasichana. Mtemi akaona uchungu. Akasema, "Chimbeni kisima kila kijiji, asiende mtu mtoni tena." Visima vikachimbwa. Ngoma zikapigwa, ng'ombe wakachinjwa, Mtemi mwenyewe akanywa kata ya kwanza ya kila kisima, na kila mahali akapigiwa vigelegele.

Kisha akataka kujua kama kazi yake imefaa. Hapo nampa heshima yake, kwa sababu wako wanaochimba, wakala ng'ombe, wakaondoka. Yeye alituma wajumbe. Wajumbe wakapanda punda, wakafika kijiji cha kwanza, wakauliza bila kushuka:

"Habari za kisima?"

"Njema."

Wakafika kijiji cha pili.

"Habari za kisima?"

"Njema."

Na cha tatu, na vyote vilivyofuata. Vijiji vilikuwa vingi na punda walikuwa wamechoka, kwa hiyo wajumbe hawakukaa, hawakunywa maji, hawakungoja mtu akohoe. Walirudi ikulu na magunia ya njema. Mtemi akafurahi, akaamuru vichimbwe visima vingine kama vilevile. Na kule mtoni mamba wakaendelea kunenepa.

Mnashangaa? Ngojeni.

Katika kijiji cha Mwalubi aliishi mama aitwaye Mhoja, pamoja na mdogo wake, Kabula, na binti yake, Wande. Kisima cha Mwalubi kilikuwa karibu na mlango wao, kimejaa maji. Hata hivyo kila jioni Kabula alijitwika mtungi akaenda mtoni, na jioni moja hakurudi. Kijiji kizima kilimlia. Kabla hawajaanua matanga, wajumbe wa Mtemi wakapita na punda wao, wakauliza habari za kisima. Mzee Ngassa, mwanangwa wa Mwalubi, yaani mkuu wa kijiji, akainuka kwenye mkeka wa msiba akajibu, "Njema."

Mhoja alilisikia neno lile. Lilimchoma moyo. Lakini alinyamaza, kwa kuwa hata yeye alikuwa mtu wa Ikombola.

Sasa miongoni mwa wajumbe alikuwamo mmoja aitwaye Lubasha. Huyu alikuwa mvivu wa kupigiwa mfano, na tumbo lake ndilo lililomwongoza njia. Wenzake walipogeuza punda, yeye alisikia harufu ya maharage kutoka jikoni kwa Mhoja. Akashuka. Akabisha hodi.

"Karibu, mgeni wetu," akasema Mhoja. "Kaa. Maharage yako motoni."

Lubasha akakaa. Wakasalimiana. Habari za kwenu, njema. Habari za njiani, njema. Habari za kisima, njema. Jua likapanda.

"Dada, maharage bado?"

"Bado kidogo, baba."

Habari za mifugo, habari za shamba, habari za majirani. Zote njema. Jua likasimama utosini.

"Dada, maharage bado?"

"Bado kidogo, baba."

Jua likateremka. Salamu zikaisha. Nawaambieni, salamu za Ikombola ziliisha zote, hata habari za paka zilikwisha kuulizwa. Wakabaki wanatazamana. Ndipo Mhoja alipokohoa kidogo.

"Habari za kisima ni njema, baba," akasema, "ila maji yake hayaivishi maharage."

"Vipi hayaivishi?"

"Ni maji mazito, yana chokaa. Kunywa, utakunywa. Kufua, utafua kwa taabu. Lakini ukipikia maharage, kuni zitaisha na maharage yatabaki kokoto. Kwa hiyo kijiji kizima tunakunywa ya kisimani, tunapikia ya mtoni. Mdogo wangu Kabula alikwenda kufuata maji ya maharage. Tangu siku ile nimeapa Wande hatakwenda. Ndiyo maana leo unalala njaa kwangu, na naona aibu."

Kwa mara ya kwanza tangu aachishwe ziwa, Lubasha hakutaka chakula. Akapanda punda, akaenda moja kwa moja ikulu, akapiga magoti.

"Mtemi, wenzangu wamekuletea njema. Mimi nimekuletea ila."

Baraza likachafuka. Mzee mmoja akasema maharage ya mama yule ni ya mwaka juzi. Wa pili akasema kuni zilikuwa mbichi. Wa tatu, ambaye hajawahi hata kuchemsha maji, akasema wanawake wa siku hizi hawajui kupika. Kisha wakakumbushana mwiko wa nchi: alichokinywa Mtemi hakisemwi vibaya. Aliyekisema vibaya ameutukana mdomo wa Mtemi.

Huko Mwalubi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mzee Ngassa alikuwa amemsimamisha Mhoja mbele ya watu. "Umekivua nguo kijiji mbele ya mgeni," alimwambia. "Na tukisema kisima ni kibaya, Mtemi atakifukia, tutakosa hata cha kunywa. Asiyeweza kujibu njema hana kwao hapa." Akamfukuza. Mhoja akamshika Wande mkono, wakaja kulala kwenye baraza ya ikulu, wakitazama mlango wa watu.

Mtemi akashika tama. "Wengi wananiambia njema, mmoja ananiambia ila. Nimwamini nani?"

Hapo akasimama mfinyanzi wa ikulu, mama aitwaye Kalunde, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia.

"Mtemi," akasema, "usiulize watu. Uliza maharage. Maharage hayana adabu."

Akafinyanga vyungu viwili pacha, kwa udongo mmoja. Vilipokauka na kuchomwa, akachukua kapu moja la maharage, akaligawa sawa. Akachukua mzigo mmoja wa kuni, akaugawa sawa. Chungu kimoja akatia maji ya kisima cha Mwalubi, kingine maji ya mto, yaliyotekwa na wanaume wenye mikuki. Kisha akafanya jambo la ujanja: moto hakuuchochea yeye. Akawapa wazee wa baraza wauchochee, na kila mara akawahamisha, wa huku aende kule, wa kule aje huku, asije mtu akasema mwenzake alilala.

Maharage ya mtoni yakapasuka, yakaiva, yakanukia. Ya kisimani yakagonga ukingo wa chungu, ko, ko, ko. Mzee Ngassa, aliyekuja kutetea jina la kijiji, akatia punje moja mdomoni akatafuna. Jino likalia.

"Mwanangwa, habari za maharage?" akauliza Mtemi.

"Njema," akajibu mzee Ngassa, ameshika shavu.

Wengine wangekomea hapo, wakala. Kalunde hakukomea hapo. Alisema chungu cha Mwalubi kimesema habari za Mwalubi tu. Akabeba vyungu vyake kijiji hadi kijiji. Vijiji vya mlimani visima vyao viliivisha vizuri sana. Vya bondeni, kwenye udongo mweupe, havikuivisha. Hapo ndipo Mtemi alipojua kwamba kazi yake haikuwa mbaya yote wala njema yote. Na kila alikofika, Kalunde hakupika. Alikaa pembeni akawafundisha wenyeji kufinyanga pacha, kugawa sawa, kuhamisha wachocheaji, na kutuma neno ikulu, liwe tamu au chungu. Alipoondoka, kila kijiji kilibaki na watu wanaojua kuuliza maharage.

Wazee wa baraza walitaka Mhoja aadhibiwe hata hivyo, kwani mwiko ni mwiko. Mtemi Mihambo akaita watu wote, akasimama, akasema jambo ambalo baba yake hakulisema, wala babu yake:

"Nilikunywa nikasifu, na nilikosea. Visima vyangu vya bondeni havikumzuia mtu kwenda mtoni. Tutachimba vingine mlimani na kushusha maji kwa mifereji. Na Kabula wa Mwalubi, nilimchelewea."

Wanaume walitazama chini. Mhoja alilia kwa sauti, wala hakuna aliyemnyamazisha.

Kisha Mtemi akaagiza kichongwe kigoda, kikawekwa mkono wake wa kuume. Akasema, "Hiki ni kigoda cha Ila. Nikijenga jambo lolote, kisima, daraja au ghala, wote mtasema njema, halafu atakayekikalia atasema ila. Hatafukuzwa popote Ikombola, si na mwanangwa, si na mimi. Kigoda ni kimoja na watu wawili hawaenei. Nani akikalie?"

Lubasha akawa wa kwanza. "Mimi. Wenye bidii walirudi na nini? Njema. Mimi nilikaa mpaka salamu zikaisha. Mnaniita mvivu, lakini ila haimtoki mtu mbele ya mgeni mwenye haraka. Kikaliwe na mtu anayejua kukaa."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, maana ilikuwa kweli.

Mhoja akasema, "Baba Lubasha alingoja chakula, hakungoja habari. Mama Kalunde alipika baada ya mimi kusema. Mimi nilisema nikijua nitafukuzwa, na nimefukuzwa. Nimempoteza mdogo wangu, kisha nikapoteza kwetu. Atakayekikalia hafukuzwi. Nipeni nirudi nyumbani na mwanangu."

Kalunde akamwinamia. "Mama Mhoja, pole yako naibeba. Lakini ila yako ilikuwa ya kisima kimoja, na baraza lilikuwa limeshaizika chini ya kuni mbichi. Kesho litajengwa daraja, keshokutwa ghala. Tusingoje mtu afiwe kila mara ndipo tujue. Kigoda si rambirambi, ni kazi, na kazi hii mimi ndiye niijuaye."

"Unaijua," akasema Mhoja. "Na miaka yote ile ulikuwa hapa hapa ikulu na vyungu vyako. Vilikuwa vikipika nini?"



Basi akainuka mzee mmoja wa baraza, wa wale ambao hawakosi kuonekana palipo na kiti, akasema anayestahili ni Mtemi mwenyewe. "Lubasha angeleta ila, Mhoja angelia, Kalunde angepika, na Mtemi angekataa kusikia, tungekuwa wapi? Aliyeuvunja mwiko ndiye mwenye kigoda." Najua alikuwa anajipendekeza. Lakini hata mwenye kujipendekeza hupatia siku moja moja, na baadhi ya watu wakatikisa vichwa kukubali. Mtemi akasema atakifikiria.

Akafikiria. Akaendelea kufikiria. Mifereji ikachimbwa, maji ya mlimani yakateremka Mwalubi, maharage yakaiva. Daraja likajengwa mahali fulani, likasifiwa. Ghala likajengwa mahali pengine, likasifiwa zaidi. Kalunde anafinyanga. Lubasha anakula. Kigoda kiko palepale mkono wa kuume wa Mtemi, kinafutwa vumbi kila asubuhi, hakijawahi kukaliwa na mtu.

Wageni wakija ikulu huuliza, "Habari za kigoda?"

"Njema," hujibiwa.

Na Mhoja, pale barazani na mwanawe, akiutazama mlango wa watu, hukohoa kidogo. Lakini wageni huwa wamekwisha kupanda punda.

Basi nimewafikisha. Yupo aliyekaa, yupo aliyesema, yupo aliyepima akafundisha wengine kupima, na yupo aliyekubali kusikia. Wewe uliye karibu na mlango, naona umeshafungua mdomo. Usiniambie "wote walistahili". Hilo "wote" ni ndugu wa "njema", tumbo moja. Mimi sina punda, wala sina haraka. Je, nani alistahili kukikalia kigoda cha Ila?