Funguo Kifuani mwa Mlaza Watu

"Aliyetaka kujua si angekwenda mwenyewe!"

Ndivyo alivyonijibu mkamwana wangu mmoja juzi Alhamisi, kasimama uani kwangu, mkono mmoja kiunoni, kidole cha mkono wa pili kinanitoboa hewani. Ninao wakamwana wanne, nyie, msianze kugeuza shingo kumtafuta. Na wewe unayejijua, tulia hapo hapo ulipo, usitoke, bado sijafika kwako.

Nikamwambia, "Mwanangu, kanisa lilikutuma Moshi siku nne ukafundishwe kuhifadhi mahindi. Umerudi na begi, umerudi na kofia, umerudi na karatasi ina muhuri. Leo mwezi wa tatu. Mke wa shemeji yako, ukuta kwa ukuta na wewe, magunia yake yote dumuzi wameyafanya unga. Ulishindwa kumwambia?"

Akasema, "Hakuniuliza, mama."

Hakuniuliza! Jamani! Nyumba ya jirani inaungua, mpaka uulizwe?

Haya. Kesi za ukoo wetu zote zinalala kwangu, nyie mnajua, na sisi Wapare kwa kesi hatujambo. Na hii nikaipokea. Lakini sikumhukumu. Nilimkalisha kwenye kigoda nikampa mfano. Na kwa kuwa leo mchungaji amenipa nafasi, na mimi kusoma sijui, na Biblia mmeshasomewa na aliyesoma, nitawapa huo huo mfano. Bwana asifiwe! Mbona mnaitika kama mmefunga siku tatu? Bwana asifiwe! Ehee, hapo sawa.

Kulikuwa na mama mmoja, kazi yake kulaza watu. Si kulaza watoto mgongoni, hapana! Hospitali. Ukienda kupasuliwa, yeye ndiye anayekuchoma ile dawa ya usingizi, zamani tukiita nusu kaputi. Unaambiwa hesabu. Unasema moja, unasema mbili, ya tatu huioni. Na ukishalala hivyo, pumzi yako si yako tena, iko mikononi mwake. Anakushushia mpira kooni, anakupumulisha yeye, mpaka daktari wa kisu amalize. Mnauona uzito wa kazi hiyo? Mshonaji akikosea atafumua ashone upya. Pumzi unaifumua wapi?

Miaka ishirini na moja mama yule analaza na kuamsha, analaza na kuamsha. Hajalaza mtu asiamke. Na hilo alilijua, na alilisema. "Mikono hii," alikuwa anawaambia manesi wake, "haijapoteza mtu!" Ukimsogelea akiwa kazini, kibao cha mkono. "Toa kidole chako hapo, nani kakuita?" Basi manesi wakajifunza. Mama akiinama, wewe kaa ukutani, kimya kama sanduku.

Siku moja ikaja barua. Walaza watu wote waende kisiwani siku tano wakaongezewe elimu. Na si darasani kwenye madawati, eh! Hoteli ya watalii! Mchanga mweupe kama unga wa muhogo, bahari ukiitazama utasema imetiwa buluu ya kufulia. Kitanda cha mtu mmoja wanaenea watano, na taulo juu yake limekunjwa kama bata.

Nyumbani kukawaka. Mama mkwe wake akasema, "Semina gani hiyo inafanyiwa mchangani?" Wifi yake akadakia, "Mwache dada, amechoka kutazama wenzie wakilala, na yeye akalale!" Na mama mwenyewe anakunja kanga zake huku anacheka. "Wifi, mimi wa kufundishwa nini tena? Nakwenda kula pweza, nipige picha, nirudi na cheti."

Akaenda. Wakakutana arobaini kutoka hospitali hii na hospitali ile. Mchana wakapewa pilau, na mnajua pilau la pwani. Waliporudi ukumbini, nusu yao vichwa vifuani! Walaza watu wamelazwa na nyama ya mbuzi!

Akaingia mwalimu. Binti mdogo, amesuka twende kilioni. Akampigia goti yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngoja kwanza. Wewe si yule uliyekuwa unanishikia tochi umeme ukikatika?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu uwe wa kwanza kujaribu."

Mbele yao kalazwa mdoli. Mdoli mkubwa sawasawa na mtu, kifua kinapanda, kifua kinashuka, na ukimkosea kuna mashine pembeni inapiga kelele. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nalaza watu wa Mungu, wewe unanipa mdoli?" Akachukua mpira, akainama. Yule binti akabonyeza kitu, koo la mdoli likavimba ndani.

Mpira ukagoma. Mama akatoa, akarudisha. Ukagoma. Mara ya tatu. Mara ya nne. Jasho. Mashine inalia. Mara ya tano! Nyuma yake wamesimama watu watano, kila mmoja kashika kifaa, na kimojawapo ndicho hasa kilichokuwa kinatakiwa. Hakuna aliyesema neno. Wewe ungesema? Mtu mzima ameinama na kazi yake, wewe mtoto unyooshe mkono? Mara ya sita. Mashine ikaacha kulia, ikapiga mlio mmoja mrefu. Mdoli kafa.

Mama akainuka. "Mdoli wenu mbovu."

Watu wakaangua kicheko. Binti hakucheka. "Mama, mdoli ni mzima. Umejaribu mara sita, na mimi nilikuwa hapa begani kwako, dawa yake nimeshika mkononi."

"Sasa kwa nini hukunipa?"

"Mama, mimi kibao chako nakijua."

Basi binti akawafundisha. Mara ya kwanza jaribu. Mara ya pili jaribu. Mara ya tatu usijaribu peke yako! Paza sauti useme: "Nimeshindwa, nisaidieni!" Na hilo lisikae kichwani, litoke mdomoni, mdomo uzoee. Akawatoa nje, akawapanga kando ya bwawa la kuogelea, watu wazima arobaini na vyeo vyao. "Semeni!" Wakapiga kelele zote pamoja, "NIMESHINDWA! NISAIDIENI!" Loo! Mlinzi wa bwawa aliposikia hivyo akajua mtu anazama, akaruka majini na viatu vyake na filimbi mdomoni! Akazunguka chini kule anatafuta wa kuokoa, hakuna. Watalii wakasimama kwenye viti.

Nyie mnacheka. Yule mama hakucheka, wala hakupiga kelele. Alichezesha midomo tu, kama nyie mnavyofanya wimbo mkiusahau ubeti wa tatu.

Siku ya kuondoka kila mmoja akapewa kiboksi. Ndani yake kidude laini cha kushusha kooni, mpira ukigoma hicho kinakaa, pumzi inapita. Wakaambiwa, "Kiwekeni mezani pale pale mnapolazia watu, na wenzenu wote mkawafundishe."

Akarudi, ilikuwa Machi. Wifi akapata kanga yake, mama mkwe akapata karafuu zake, cheti kikaingia kwenye fremu. Na kiboksi? Ah! Kitu kizuri vile, kipya, nailoni yake bado haijatoka! Aliwaza kama tunavyowaza sisi kwa vile vikombe vya maua. Hawa watoto wataharibu. Akakifungia kabatini, funguo akaitia kwenye pini, pini akaifunga ndani ya gauni, hapa, kifuani. Manesi wakamuuliza, "Mama, kisiwani mmefundishwa nini?" Akajibu, "Mliotaka kujua mngekwenda."

Eh! Mnalisikia neno hilo?

Ikafika Juni. Analetwa mama mjamzito, amevimba uso, uchungu siku ya pili, mtoto hatoki. Apasuliwe sasa hivi. Mama wetu akamchoma dawa, akalala. Akachukua mpira. Ukagoma. Akarudia. Ukagoma. Koo limevimba, njia haionekani. Akambana mdomo na kile kinyago cha hewa apumulishe kwa mikono, hewa haiingii. Midomo ya mjamzito inaanza kuwa ya bluu. Watu wawili mle ndani ya mwili mmoja, na pumzi hakuna!

Mkono wa mama ukaenda kuchukua mpira mara ya tatu. Ukasimama. Akamkumbuka yule mdoli. Akafungua mdomo, na lile neno alilokataa kulisema bwawani likatoka, "Nimeshindwa! Nisaidieni!"

Mnadhani walikimbia? Hakuna aliyetikisika! Manesi ukutani, wanatazamana. Miaka yote hawajamsikia mama akisema hivyo. Mmoja akadhani wanapimwa. Mwingine anaogopa kibao. Mama alijifunza peke yake, sasa analia kwa lugha ambayo mle ndani hakuna anayeijua.

"Wewe!" akamwita nesi mdogo. "Funguo! Iko kifuani kwangu, kwenye pini! Mimi siwezi kuachia huyu!"

Nesi akarudi nyuma. "Mama, nikuingize mkono kifuani?"

"Ingiza! Ingiza, mwanangu, mtu anakufa!"

Akaingiza. Pini ikamchoma, damu ikamtoka, funguo akaipata. Kabati likafunguka. Kiboksi hiki hapa. Nailoni haichaniki, akaipasua kwa meno! Akakitoa, hajui juu wapi, chini wapi. "Mama, kinakwendaje?" "Geuza! Si hivyo, hivi! Sukuma na njia ya ulimi! Taratibu! Sasa puliza!" Semina ya siku tano akaifundisha kwa muda wa mate kukauka. Kikakaa. Hewa ikapita. Kifua kikapanda! Kikashuka! Kikapanda tena! Daktari akakata, na kabla hatujasema asante mtoto akalia, dume, sauti kama jogoo!

Pigeni makofi! Mpigieni Mungu makofi!

Haya, shusheni mikono. Sijamaliza.

Mzazi alipona na mtoto alipona. Wote wanacheka, wanalia, wanakumbatiana. Isipokuwa yule nesi mdogo. Amesimama na kiboksi kitupu mkononi, anakigeuza. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, hiki tunacho tangu lini?"

"Tangu Machi, mwanangu, niliporudi kisiwani."

"Kwa hiyo Pasaka kilikuwepo."

Pasaka mama alikuwa likizo, kaenda kwao milimani, na funguo kifuani. Yule nesi alibaki zamu peke yake. Akaletewa msichana wa miaka kumi na tisa, tumbo la ghafla, apasuliwe haraka. Akamlaza yeye, kwa yale aliyoyaona akiwa ukutani. Mpira ukagoma. Akajaribu mpaka mwisho, na hakuna wa kumwambia kwamba hatua tatu nyuma ya mgongo wake, kabatini, ipo pumzi ya yule msichana kwenye nailoni. Msichana hakuamka. Na nesi akabeba hilo moyoni miezi yote ile, akidhani ni mikono yake mibovu.

Mama akakaa chini, pale pale sakafuni, na damu za watu. Miaka ishirini na moja mikono yake haijapoteza mtu, na ni kweli, mikono haikupoteza. Na funguo je?

Wapendwa, sisi ndio wenye funguo. Sisi! Usimtazame jirani yako. Nani hapa hana kitu alichofundishwa akakifungia? Umeenda mkutano wa akina mama, umerudi na fulana, fulana tumeiona, ulichosikia hatujakisikia. Unajua dalili za kifafa cha mimba, na binti wa jirani kavimba miguu unamtazama akipita. Unajua maneno yaliyoiponya ndoa yako, na mwenzio anapigwa ukuta wa pili. Unasema hakuniuliza. Atakuulizaje kitu asichojua kama kipo? Yule msichana angeulizaje, naye amelala?

Na sisi wakubwa ndio wabaya zaidi. Tunaona tukimfundisha mdogo atatupita. Apite! Siku koo lako wewe litakapovimba, unataka aliyesimama kichwani kwako awe anajua, au awe kimya ukutani?

Mimi naona aibu kuwaambia, lakini nitasema. Na mimi nimefungia. Wanangu wawili wana kesi, mdogo anamshtaki mkubwa kwamba kamwibia mpaka wa shamba, na mimi nilijua tangu mwezi wa kwanza wa kesi kwamba mkubwa hakuiba. Baba yao aliniambia mwenyewe siku zake za mwisho. Nikanyamaza, nikasema hawajaniuliza. Leo nikitoka hapa nakwenda kwa mdogo, nitamweleza yote, na mkubwa nitamwita asikie.

Na nyie sitaki mniambie, "Bibi, umeongea vizuri." Kuna watu leo hawakuja. Kuna aliyeuguza, kuna aliyenuna, kuna aliyekosa nguo ya kuvaa. Wewe hapo karibu na mlango, jirani yako mgonjwa yuko nyumbani, si ndiyo? Anza na huyo. Mwambie yote, na yule msichana wa Pasaka usimruke kwa kuwa ni habari ya kuhuzunisha. Halafu mwambie na yeye amtafute mmoja. Nenda, mwanangu. Mwambie leo.