Dubu wa Mwisho na Masega ya Shomari

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Mzinga juu, nyuki ndani!
Na chini?
— Dubu anameza mate!

Haya, sogeeni. Hapo kale, katika nchi ya milima yenye baridi, palikuwa na kijiji cha warina asali. Dubu mnamjua? Hamumjui, kwetu hayupo. Ni mnyama mkubwa, manyoya tele, na asali haimpiti. Zamani walijaa mlimani. Wakapigwa mikuki, wakategwa, misitu yao ikakatwa. Akabaki mmoja, jike, na mtoto wake.

Sasa wale warina walikuwa na desturi. Wakishakamua asali, masega huyatupa nyuma ya nyumba. Harufu ikapanda mlimani. Dubu akashuka akiimba:

Sina dada, sina kaka,
nina mwana, ana njaa.

Leo akala masega. Kesho akala masega. Keshokutwa masega hayakumtosha, akavunja mzinga.

Kijiji kizima kikawaka hasira. Shomari, msasi wao, akasema, "Auawe!"

Bi Tunu, mrina mjane, akasema, "Mwanangu Shomari, tukimuua huyu hakuna mwingine. Nipeni siku tatu. Akivunja mzinga tena, fanyeni mtakalo."

Siku ya kwanza akazoa masega ya jirani zake, akayafukia. Wakamcheka. Siku ya pili akafunga miba kwenye kila mti wenye mzinga. Wakamcheka, lakini wakamshikia ngazi. Siku ya tatu, asubuhi, akafika kwa Shomari.

"Masega yangu hayakuhusu, mama," Shomari akasema. Kiburi hicho, jamani!

Kumbe dubu naye ameshashuka na mwanawe. Nyumba hii, hakuna kitu. Nyumba ile, hakuna kitu. Mti nao una miba. Akafika nyuma ya nyumba ya Shomari:

Sina dada, sina kaka,
nina mwana, ana njaa.

Akaanza kula. Shomari akatoka na mkuki. Bi Tunu akasimama kati yake na dubu. Aliogopa, msidhani hakuogopa.

"Shomari, chakula hiki nani kakiweka?"

"Mimi."

"Na anayekula chakula chako, nyumbani kwako, ni nani?"

Hata watoto wa kijiji kile walijua: huyo ni mgeni, na mgeni haguswi.

Mtoto wa dubu hana habari. Akasogea. Mpini wa mkuki ulinata asali ya mikono ya Shomari. Akaulamba taratibu, macho kayafumba. Shomari alizoea ngozi za dubu zilizokauka. Pumzi ya dubu hakuwahi kuihisi mkononi, nayo ilikuwa ya moto. Akaushusha mkuki, akalia mbele za watu.

Wakangoja mpaka wageni wakashiba, wakarudi zao mlimani.

"Mama," Shomari akasema, "nipe jembe nikayafukie masega yaliyobaki."

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ile, jembe alilishika mwenyeji.

Hadithi yangu imekoma. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi.