Fimbo ya Kahinda

Masikio yapo?
— Yapo!
Mate mmemeza?
— Tumemeza!
Makalio yametulia?
— Yametulia!

Waongo wakubwa. Yule pale anajikuna, huyu hapa macho yako mlangoni. Si kosa lenu. Leo nitawaambia ni kosa la nani.

Hapo kale, kale hasa, kabla ya jembe, kabla ya ghala, kabla mtu yeyote hajasema "uwanja huu wangu", watu walikuwa wanatembea. Wanachimba viazi mwitu, wanarina asali, wanatega kanga. Chakula kikipungua wanabeba watoto, wanabeba moto, haya, twende. Nyumba ilikuwa matawi manne na ngozi juu. Hata mchwa hawakuwahi kuila, maana walipofika wenyewe walishaondoka.

Katika watu hao palikuwa na msichana, Nyamizi binti Kahinda. Kazi yake ilikuwa kutangulia. Wenzake bado wanamenya viazi, yeye keshavuka mabonde mawili, kaona maji yalipo, karudi kuwaita. Bila yeye njia hawakuijua, na hilo mlishike. Miguu yake ilikuwa inamwasha. Akikaa mahali siku moja, sawa. Siku ya pili anakunakuna nyayo. Siku ya tatu usimsemeshe, atakung'ata.

Watu hao walikuwa na sheria tatu. Ya kwanza, chakula hakifichwi. Ukipata leta, mnakula wote, kinakwisha. Atakayekutwa ameficha hata punje anafukuzwa, aende peke yake porini. Ya pili, mtu akikuomba kitu, mpe. Ngozi, kibuyu, kisu cha jiwe, toa. Isipokuwa fimbo ya mtu anayechechemea. Ile ni mguu wake, na nani ataomba mguu wa mwenzake? Ya tatu naitaja haraka kwa sababu siipendi. Asiyeweza kutembea anaachwa. Anaachiwa moto, kibuyu cha maji, na ngozi ya kulalia. Wengine hao, wala hawageuki nyuma.

Basi siku moja Kahinda, mama yake Nyamizi, akapanda mti kurina asali. Tawi likakatika, puu! Mguu ukavunjika. Wakamngoja siku ya kwanza, wakamngoja ya pili, wakamngoja ya tatu. Viazi vikaisha. Mkubwa wa msafara alikuwa Ngelela, kaka yake Kahinda, tumbo moja. Akaweka moto. Akaweka kibuyu. Akatandika ngozi.

"Dada, unajua mwenyewe."

"Najua, kaka. Mama yetu nilimwachia moto kwa mikono hii hii. Nendeni. Ila nikatieni mwanzi mmoja wa kujishikiza."

Wakamkatia mwanzi mnene, unene wa mkono wa mtu mzima. Nyamizi akatangulia, ndiyo kazi yake. Alilia mpaka njia hakuiona, akawapeleka watu kwenye bonde kavu.

Huko miguu ikamwasha, lakini safari hii ilikuwa inawasha kurudi. Mwezi wa kwanza akavumilia. Wa pili akavumilia. Mwezi wa tatu ulipokwisha, mvua zimepita, akakunja ngozi yake akarudi kuzika mifupa ya mama yake.

Mifupa hakuikuta. Alimkuta Kahinda amesimama na mwanzi wake, anachechemea huku na huku, anatukana ndege.

"Mama! U hai?"

"Nife, halafu hawa nani awafukuze? Okota jiwe!"

Unauliza alikula nini miezi yote ile? Alitambaa, akala mizizi. Akala panzi. Akala kumbikumbi. Na kwa kuwa alikuwa amekaa, aliona kitu ambacho watu wa kutembea hawajawahi kukiona. Pale jalalani, wanawake walipokuwa wakipepeta mtama mwitu, punje zilizomwagika zilikuwa zinaota! Siku zote zilikuwa zinaota, ila zikiota wenyewe wako mbali. Kahinda akaokota nyingine, akatoboa ardhi, akafukia. Sasa mtama ulikuwa umempita mtu urefu, masuke yameinama.

Nyamizi akamkumbatia mama yake, akalia, akala, akalala. Siku ya tatu miguu ikaanza. Sasa nisaidieni. Nikisema "Nyamizi akainuka", ninyi semeni "Keti!"

Nyamizi akainuka.
— Keti!
"Keti kwanza, mwanangu, mpaka ndege waondoke." Akakaa. Toka jua linachomoza mpaka linazama anarusha mawe na kupiga kelele, sauti ikamkauka.

Nyamizi akainuka.
— Keti!
"Keti kwanza, mpaka tuvune." Akakaa. Akavuna, majani yakamchana mikono, shingo ikamwasha kwa vumbi lake.

Nyamizi akainuka.
— Keti!
"Keti kwanza, mpaka tusage." Akapiga magoti mbele ya jiwe. Akasaga, akasaga, akasaga. Mgongo ukamuuma kuliko siku aliyobeba swala mzima.

"Mama, kazi gani hii isiyokwisha? Kiazi unakichimba, unakichoma, unakula, basi!"

"Kiazi kilikwisha, mwanangu. Ndiyo mkaniacha."

Nyamizi akainamia jiwe. Akaendelea kusaga.

Sasa wale wengine, bila mtangulizi, walikuwa wamezunguka porini mpaka mbavu zinahesabika. Wakauona moshi. Wakaja. Na sheria ni sheria. Siku ya kwanza walikula wakaimba. Siku ya pili walikula wakalala. Siku ya tatu walikomba mabaki. Mtama wote ukaenda, pamoja na masuke yaliyoanguka chini. Hakuna aliyeona kosa, hata Nyamizi mwenyewe.

Ngelela akajifuta mdomo. "Mvua zinakaribia. Kesho tunaondoka. Mpwa wangu, utatangulia." Ila dada yake hakuthubutu kumtazama usoni.

"Nitambeba mama mgongoni," Nyamizi akasema.

"Utatanguliaje na mzigo?"

Nyamizi akajilaza. Usingizi ukakataa. Alfajiri akaenda kumtafuta mama yake kule shambani, na alichokiona kilimfanya asugue macho. Kahinda alikuwa anatembea! Wima, haraka haraka, hachechemei hata kidogo. Anatoboa ardhi kwa ncha ya mwanzi, anazibua nta iliyoziba tundu la juu la mwanzi huo, anaumimina, punje tatu zinadondoka. Anafukia kwa kisigino. Anasogea mbele.

"Mama! Mguu wako!"

"Ulipona siku nyingi."

"Siku nyingi! Mimi nimekaa hapa, sauti imekauka, mgongo umekufa, kumbe wewe mzima? Leo wangekuacha tena, na mguu unao!"

"Waniache. Wakirudi na njaa watanikuta." Kahinda hakuinua hata sauti. "Nikitembea vizuri, mwanzi huu unakuwa mwanzi tu. Mtu ataniomba, nitatoa, na mbegu hizi zitaliwa kabla jua halijazama. Nimeficha, ndiyo. Nenda kanisemee wanifukuze."

Hasira zikampanda Nyamizi mpaka kichwani. Akampokonya ule mwanzi. Alitaka kuuvunjia gotini. Wallahi, alitaka.

Hapo hapo Ngelela akatokea.

"Dada! Umesimama bila fimbo! Umepona!" Yule mzee akacheka, akalia, vyote pamoja. "Basi tunakwenda wote! Nyamizi, nipe huo mwanzi nitundikie vibuyu."

Mtu akikuomba kitu, mpe. Na fimbo ile haikuwa tena mguu wa mtu. Ngelela akiushika, atasikia punje zikilia ndani. Akisikia, atazibua. Mbegu zitaliwa, na Kahinda atafukuzwa porini na kaka yake mwenyewe.

Nyamizi akaitazama njia. Ilikuwa wazi, nyasi zimelala kwa upepo, na nyayo zilimwasha mpaka magotini. Akamtazama mama yake. Akachomeka mwanzi chini, akakunja mguu wa kulia.

"Siwezi kukupa, mjomba. Ni mguu wangu."

"Mguu wako una nini?"

"Nimetumbukia shimo la fuko. Sasa hivi."

Akapiga hatua. Akachechemea, tena vibaya, kujifunza kwenyewe ndiyo kwanza. Na mwanzi ukalia cha, cha, cha.

"Nini kinalia?"

"Mifupa, mjomba. Imesagika."

Ngelela akautazama mguu. Akautazama mwanzi. Akavitazama vishimo vilivyojipanga kwenye udongo. Mimi nasema alijua. Mzee yule hakuwa mjinga. Lakini magoti yalikuwa yameanza kumsumbua kila asubuhi, na alikuwa hajamwambia mtu.

"Sikieni!" akawaita watu. "Mtangulizi wetu ameumia. Hatuna wa kutuonyesha njia. Tutamngoja apone."

Wakamngoja. Mtama ukaota, amepona? Bado. Ukabeba, amepona? Bado! Ukavunwa, na Ngelela naye akaonekana anakata mwanzi, anachechemea. Kesho yake mkewe. Kesho kutwa majirani. Mkachekee mbali, kijiji kizima kilikuwa kinachechemea na cha, cha, cha zake! Mianzi ilipojaa punje wakafuma kitu kikubwa zaidi, wakakiita ghala, na kuchechemea kukaisha.

Panya wakaja. Magomvi ya mipaka yakaja. Maumivu ya mgongo yakaja, na hayajaondoka. Nyamizi miguu haikuacha kumwasha. Mawingu yakijikusanya alikuwa anainuka, analizunguka lile shamba, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka nyayo zake zikachora njia. Watoto wakimuuliza anakwenda wapi, anawaambia, "Nyamazeni, natembea."

Miaka ikapita. Kahinda akazeeka kweli, miguu ikakataa kweli, pasipo hila. Nyamizi akamwekea moto. Akamwekea kibuyu cha maji. Akamtandikia ngozi. Kahinda akafumba macho, akangoja kusikia nyayo zikiondoka, zile alizozisikia siku ile ya kwanza.

Akangoja. Akangoja. Akafumbua macho. Binti yake alikuwa ameketi pale pale, anajikuna.

Makalio yametulia?
— Yametulia!

Basi mwanzi wangu nimeumimina, nta naibandika. Aliyedaka punje akafukie kwake. Na wewe uliyekuwa ukijikuna toka mwanzo, inuka ukatembee. Miguu hiyo si yako, ni ya Nyamizi.