Matundu ya Bi Mwanakombo

Hapo zamani, enyi mlioniazima masikio, mjane aitwaye Bi Mwanakombo aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, iliyoezekwa makuti. Katika chumba kimoja alilala. Cha pili, kilichokuwa cha kupumzikia marehemu mumewe, alikifagia kila asubuhi, kisha akakifunga.

Masika yalipoingia, paa likavuja. Akaja Vuai, mtoto wa kaka yake, fundi wa kuezeka. Akapanda, akachomeka makuti mapya penye tundu, akashuka, akanywa kahawa, wakazungumza hadi alasiri. Alipoondoka, nyumba ikanyamaza.

Siku ya tatu Bi Mwanakombo akatwaa bakora ya marehemu, akalitoboa paa kutoka chini, akamwita Vuai. Vuai akaja, akaziba, akanywa kahawa. Wiki iliyofuata bakora ikapanda tena. Vuai akaja, akaziba, akanywa kahawa.

"Shangazi, panya wa nyumba hii ni warefu," alisema siku moja, akiyatazama makuti yaliyosukumwa juu.

"Warefu kweli, mwanangu. Nikuongeze kahawa?"

Vuai akasogeza kikombe. Ikapita miaka minne hivyo hivyo.

Ng'ambo ya bonde aliishi Mize, binti wa marehemu dada mdogo wa Bi Mwanakombo. Mize alijua kwamba paa la makuti lina umri wake, nalo lile lilikuwa limezeeka. Kila mwezi akashona makuti ishirini, akayapanga bandani pasipofika unyevu. Kumtembelea mama yake mkubwa, hakuja hata mara moja.

"Nikienda kukaa barazani, nani atashona?" aliwajibu waliomuuliza.

Na Pandu, mdogo wake Bi Mwanakombo wa tumbo moja, alikuja kila Ijumaa, akazigonga boriti kwa mpini wa kisu, akasema maneno yale yale: "Zimeoza, dada. Maji ya matundu yako yamezila. Hamia kwangu, tubomoe kabla hazijakuua."

"Wewe huji ila kunitabiria mabaya!" dada akamjibu, wala kahawa asimpe.

Masika ya mwaka wa tano yakanyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu Pandu akaingia bila hodi, akambeba dada yake begani, naye akimcharaza bakora mgongoni: "Niteremshe, mpumbavu we!" Walipofika uani, paa likaporomoka, likakifukia kitanda chake.

Mvua ilipokatika, Pandu akakata boriti mpya, Mize akaleta makuti yake yote, Vuai akaezeka. Siku ya saba wakamwaga maji juu ya paa. Halikupenya hata tone. Bi Mwanakombo akatazama juu kwa muda mrefu, wala uso wake haukukunjuka. Akatoa ufunguo wa chumba cha pili.

"Nimechoka na kimya. Mmoja wenu ahamie. Chumba ndicho hicho kimoja."

Wote watatu, ambao nao makwao walikula peke yao, wakausogelea ufunguo.

Vuai akasema: "Shangazi, nilijua panya hawana bakora. Niliziba nikanyamaza, usije ukaona haya. Nani mwingine alikaa nawe?"

Mize akadakia: "Kunyamaza kwako ndiko kulikoozesha boriti! Mama mkubwa, sikuja kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa kazini kwako. Leo ungelala chini ya nini?"

Pandu akasema: "Angelala chini ya udongo, nisingemtoa. Nilinyimwa kahawa kwa kusema kweli, na kila Ijumaa nikarudi. Mgongo wangu huu hapa, uangalieni."

Bi Mwanakombo akaugeuza ufunguo kiganjani, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Nami hapo ndipo nimemwacha.

Je, nani alistahili kupewa ufunguo? Na mkishamchagua, nielezeni: wale wawili watakaorudi kwenye nyumba zao za kimya, mjane huyu, anayekijua kimya kuliko sisi sote, awaage kwa neno gani?