Pengo la Ng'ombe Mwekundu

Wanangu, mfikirieni mama mmoja mjane, mwenye ng'ombe mwekundu aliyeachiwa na mama mkwe wake. Kijiji kilikuwa kinachagua ng'ombe wa kuendeleza mbegu, na atakayeachwa, njia yake ilijulikana, ni buchani. Akaja bwana mifugo, akang'oa nywele za mkia za kila ng'ombe, akazipeleka maabara zikasomwe vinasaba.

Majibu yakarudi. Wengine walisomeka mwanzo hadi mwisho. Mwekundu alisomeka kote isipokuwa mahali pamoja, hapo mashine haikuona kitu. Majirani wakamtania yule mama, eti hata mashine imemkataa ng'ombe wako, mwite mchinjaji. Bwana mifugo naye akasema nywele zimeharibika, akamweka mwekundu kando.

Mama akamsihi arudie, maana hana ng'ombe mwingine wa maziwa. Bwana mifugo akakubali, na alipokuwa hapo akang'oa na za mtamba, binti wa mwekundu.

Mnajua majibu yalirudije? Mzazi ana pengo, na binti ana pengo, mahali palepale.

Bwana mifugo akakaa juu ya ndoo ya kukamulia, akauliza kama ndigana, ule ugonjwa wa kupe, imewahi kuua katika ukoo ule. Mama akasema iliua kwa majirani, kwake ilipita tu.

"Mama," akasema, "nilidhani ng'ombe wako hajajibu. Kumbe amejibu. Anasema, hapa mimi sina. Na huenda hapo ndipo ugonjwa unapopatia mlango kwa wenzake. Huyu ndiye mbegu tuliyokuwa tunaitafuta."

"Basi mwenye bucha atanisamehe," akasema mama, akaenda zake kukata majani.

Haya, tuje kwetu sisi. Mtu akinyamaza mara moja, labda amechoka. Je, akinyamaza kila siku mahali palepale? Anakusimulia shamba, kuku, mvua, na kucheka anacheka. Ukimuuliza habari za nyumbani, anainama kufunga khanga upya. Na mtoto wake ukimuuliza, naye anainama hapohapo. Bado tuseme anaona haya tu? Mara ngapi tumemweka mtu kando, tukasema ndivyo alivyo, naye ameshatujibu?

Leo tukitoka hapa mtu asikimbilie jikoni. Tembea na mwenzako, umuulize tena, polepole, pale anaponyamaza. Kisha nyamaza na wewe, umsikie.