Mgeni Rasmi wa Zahanati

Mabati ya zahanati yaliishia kwenye banda la ng'ombe la Mwenyekiti Lugendo, na watoto wakawa wanapimwa uzito mvuani. Mama mmoja, Sikudhani, alimwendea, mtoto anakohoa mgongoni.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kuna mgeni rasmi anakuja kuizindua zahanati."

"Marahaba. Mgeni gani?"

"Mkubwa kuliko wewe. Asipoona paa atauliza limekwenda wapi, na ng'ombe wako hawajui kunyamaza."

Lugendo alitoka jasho. "Sasa nifanyeje, mama?"

"Iazime zahanati hayo mabati. Mgeni akishaondoka, unayarudisha bandani."

Siku ileile mabati yalipigiliwa juu ya zahanati. Lugendo akavaa suti, akakaa kiti cha mbele kusubiri.

Wiki ikapita, ng'ombe wakalowa chapachapa.

"Sikudhani, mgeni wako anachelewa mno."

"Wewe mwenyekiti tu hutukalisha juani kutwa nzima. Huyo anayekuzidi unadhani atafika lini?"

Lugendo akatikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe ni mkubwa hasa," akasema, akaenda kumwambia mkewe aipige suti pasi tena.

Sikudhani akaingia zahanati kumpimisha mwanawe, huku akiwaza ampe mgeni huyo jina gani.