Maganda Aliyoacha Mzee Gaufridi

Palikuwa na mtu aliyerithi bunduki ya baba yake, lakini hakurithi risasi hata moja. Aliitwa Otmari, na baba yake, Mzee Gaufridi, ndiye aliyekuwa mwindaji wa kijiji kizima. Bunduki ilikuwa na kibali, imepakwa mafuta, haina kutu. Shida yake ilikuwa moja tu: ilikuwa ya aina ya zamani isiyo ya kawaida, na risasi zake zilishaacha kuonekana madukani.

Mwaka huo nyati dume, mpweke, akaja kukaa kwenye matete ya kivuko, palepale watu wanapochota maji. Wiki ya kwanza alikanyaga mihogo. Wiki ya pili alimpiga pembe mkwe wa Mama Skola, mjane wa bondeni, akamvunja nyonga. Tangu siku hiyo hakuna aliyeteremka mtoni. Watu wakanywa maji ya madimbwi, na watoto wakaanza kuhara. Bwana nyama, afisa wa wanyamapori wa wilaya, akamwandikia Otmari ruhusa ya kumuua nyati yule. Otmari aliisoma karatasi mwenyewe, mstari kwa mstari, maana alikuwa amejua kusoma mwaka uliopita, akiwa na miaka arobaini na sita.

Akaenda mjini kwa fundi bunduki. Fundi akamwambia asitegemee kupata risasi mpya. Baruti anayo, vichwa anavyo, fataki anazo. Kinachokosekana ni ganda, ile shaba inayobaki risasi ikishapigwa. Akiletewa ganda zima la aina ile, atalijaza upya, nalo litafanya kazi kama siku ya kwanza. Akamwandikia kwenye kikaratasi namba inayogongwa kwenye kitako cha ganda, akamwonya: likiwa na namba nyingine, hata ling'ae vipi, litapasuka na kumrudia usoni.

Otmari alijua pa kuanzia. Baba yake alikuwa na desturi. Akishamuua mnyama anayeharibu shamba la mtu, alifungua bunduki, akatoa ganda likiwa bado la moto, akamwekea mwenye shamba kiganjani na kumwambia, "Kaa nalo." Basi. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyemuuliza. Nyumba saba zilipewa. Otmari akashika kikaratasi chake, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Kwa watu wale ganda lilikuwa heshima. Nyumba ya kwanza walikuwa wamelikata wakatengeneza pete. Ya pili walilitoboa, wakawa wanalivaa shingoni siku za harusi. Ya tatu walitilia chumvi ndani yake hadi shaba ikaliwa. Ya nne walilipasua wakapambia mpini wa kisu. Kote walimkaribisha, wakamsimulia sifa za baba yake, wakamwonyesha ganda lilivyopendeza. Otmari hakuwalaumu. Alishukuru, akaaga, akaenda nyumba inayofuata.

Nyumba ya tano ilikuwa ya Wendelini, mtu wa rika lake, mwingi wa maneno. Wendelini akampa ganda lililosuguliwa likang'aa kama jipya. Otmari akaligeuza, akaweka kidole kwenye kitako, akasoma taratibu. Namba haikuwa yenyewe. Lilikuwa la bunduki nyingine, limeokotwa porini. Akalirudisha.

"Ndugu yangu," Wendelini akasema, "tangu ujue kusoma, hata sufuria za watu utazigeuza uzitazame matako."

Watu waliokuwa uani wakacheka. Wakiwa bado wanacheka, mbuzi akapita, na shingoni mwake likalia ganda la Mzee Gaufridi. Lilikuwa limetobolewa juu na kuning'inizwa msumari ndani yake, limekuwa kengele. Wendelini akaona kwamba Otmari ameliona, akatazama chini. Kumbe alitoa lile ili kuficha hili.

Nyumba ya sita walikuwa wamelizika pamoja na mwenye nyumba alipofariki.

Jua lilikuwa kali, na miguu ya Otmari ilikuwa imevimba. Wazo likamjia kwamba arudi tu nyumbani, maana aliyekosa mara sita atatarajia nini mara ya saba. Lakini akajiambia kwamba zilipewa nyumba saba, naye atafika saba. Akateremka bondeni.

Mama Skola alikuwa amekaa kando ya mkeka wa mkwe wake, anampepea. Alipoelezwa shida, akaingia ndani na kutoka na mtungi wa mbegu za ufuta. Akatia mkono, akatoa ganda. Miaka yote alikuwa akipimia mbegu, ganda moja kwa kila tuta. Mdomo wa ganda ulikuwa umelainika kwa kushikwa, lakini lilikuwa zima. Otmari akasoma kitako, akatazama kikaratasi, akasoma tena. Ndilo. Hapo akaona aibu, akamwambia kwamba hapendi kumwondolea kumbukumbu yake.

"Mwanangu," mama akasema, "baba yako hakunipa pambo. Alinipa zamu. Leo imefika."

Fundi akalijaza. Ikawa risasi moja, na Otmari akaenda nayo kivukoni asubuhi, pamoja na bwana nyama. Nyati akatoka kwenye matete akiwa ameinamisha kichwa. Otmari hakuwa na risasi ya pili, kwa hiyo hakuwa na haraka. Alisubiri mpaka akawa na uhakika, akapiga. Nyati akaanguka na magoti yake majini.

Watu wakateremka na ndoo zao. Otmari akafungua bunduki, akatoa ganda likiwa bado la moto, akamtafuta Mama Skola kwa macho. Mama hakunyoosha mkono. Alielekeza kidevu chake kwa Wendelini, aliyesimama nyuma ya wote. Otmari akamfuata, akamwekea ganda kiganjani.

"Kaa nalo," akamwambia, kisha akaongeza neno ambalo baba yake hakulisema. "Usilitoboe."

Nawe unayesikia, kile ulichowekewa mkononi kikiwa bado cha moto, kingali kizima cha kujazwa tena, au ulishakitoboa ukakivaa?